Baipasi ya moyo hapa kwetu: siku 30 za kwanza zinaamuliwa na nini hasa?

#1 Mnyalu wa Ipogolo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Baba yangu mkubwa ana miaka 61 na kisukari cha siku nyingi. Alikuwa akipanda kilima cha nyumbani kifua kinambana, tukadhani ni vidonda vya tumbo. Amefanyiwa angiografia (picha ya mishipa ya moyo), imeonekana mishipa mitatu ya moyo imeziba. Daktari anasema stenti (vibomba vya kuutanua mshipa kwa ndani) hazitamfaa, afanyiwe baipasi, yaani apasuliwe damu itengenezewe njia ya pembeni. Kikao cha ukoo kimekaa mpaka usiku: wengine wanataka afanyiwe Dar, wengine wanataka shamba liuzwe apelekwe India, na shangazi anasema mtu akishapasuliwa kifua harudi kuwa mtu.

Kinachonishangaza, mjadala wote ni daktari gani ana mkono mzuri. Mimi nasema mkono wa daktari ni kipande tu cha jambo hili. Wataalamu wanaangalia siku 30 za kwanza: nani kafariki, nani kapata kiharusi, nani figo zimegoma, nani karudishwa chumba cha upasuaji kwa kuvuja damu. Ulaya na Marekani, kwenye baipasi ya kupangwa isiyo ya dharura, wanaofariki ndani ya muda huo ni kama 2 kati ya 100. Nchi zetu hizi vipo vituo vinavyolingana nao, na vipo vinavyopoteza watu wengi kuliko hapo. Upasuaji ni uleule, vitabu walivyosoma ni vilevile. Tofauti inatoka wapi? Wenye uzoefu karibuni, na mliouguza pia.

#2 Ngosha wa Magu

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, shangazi msimpuuze. Kila ukoo una shangazi wa aina hiyo, na mara nyingi ndiye atakayemnywesha uji mgonjwa akitoka huko.

#3 Sista wa Zamu ya Usiku

Mleta mada umegusa penyewe. Nimefanya kazi ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ya moyo, nitasema ninachokijua.

Daktari akimaliza kushona, mgonjwa anabaki na sisi. Analetwa akiwa na mpira mdomoni wa mashine ya kupumulia, mipira miwili au mitatu inayotoa damu kifuani kwenda kwenye chupa, waya nyembamba za kuusaidia moyo upige, na njia ya dawa shingoni. Saa za mwanzo jicho letu liko kwenye ile chupa. Kila saa tunaandika imeingia damu kiasi gani. Ikiingia nyingi, tunamwita daktari. Sasa sikilizeni hili: ikikatika ghafla huku presha inashuka, muuguzi mgeni atafurahi kwamba damu imeacha kutoka, kumbe imeganda kwenye mpira na inajikusanya kuuzunguka moyo, inaubana. Hapo kifua kinatakiwa kifunguliwe upya haraka, wakati mwingine palepale kitandani. Muuguzi akiwa na mgonjwa mmoja ataiona ndani ya dakika chache. Mpe wagonjwa watatu, ataiona akishachelewa.

Ukiniuliza tofauti inatoka wapi, nitakwambia hesabu wauguzi saa nane usiku. Mchana kila hospitali iko vizuri.

#4 Kipimo Sahihi

Sista heshima yako. Mimi nina neno kuhusu asilimia, maana watu wanazibeba tu.

Hospitali ikisema imefanya baipasi 50 na hakuna aliyefariki, ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini kihesabu bado hujui mengi. Kuna kanuni rahisi: pale ambapo hakuna kifo, chukua 3 ugawe kwa idadi ya wagonjwa. 3 kwa 50 ni asilimia 6. Maana yake hatari halisi inaweza kufika mpaka asilimia 6 na bado kwa bahati nzuri usipoteze mtu kati ya hao 50. Vituo vingi vya nchi zetu vinaandika ripoti zenye wagonjwa wachache, kwa hiyo kituo chenye vifo 0 na kingine chenye vifo 2 vinaweza kuwa sawa kabisa kwa ubora.

Halafu kuna suala la siku zenyewe. Kifo cha hospitalini ni kitu kimoja, kifo cha ndani ya siku 30 ni kingine. Mgonjwa ameruhusiwa wiki ya pili, akafia Tunduma wiki ya nne. Nani alimpigia simu? Kama hakuna, kwenye daftari yeye ni mzima. Kwa hiyo mleta mada, kabla hatujauliza tofauti inatoka wapi, tuhakikishe kwanza kama ipo.

#5 Mvuvi wa Sahare

Mimi ni mmoja wa hao mnaowagawa kwa 3. Nimepasuliwa, nipo, na leo nimekula dagaa.

Niwape ya upande wa kitandani. Kifua hakikuniuma kama nilivyotishwa. Kilichonitesa ni mguu, walikotoa mshipa, kuanzia kifundo mpaka karibu na goti. Na kukohoa. Wanakupa mto, unaukumbatia kwa nguvu kifuani ndipo ukohoe, maana mfupa wa kifua umefungwa kwa waya na ukikohoa bila mto unasikia kama unaachia. Wanakupa pia kidude cha plastiki chenye vimpira vitatu ndani, unavuta pumzi vimpira vipande. Siku ya kwanza kimoja tu kilitikisika. Nesi alikuwa binti mdogo, alisimama pembeni yangu kila saa: "Baba, vuta tena." Nilimchukia yule binti. Baadaye daktari akaniambia wanaopona vizuri ni wale waliovuta, kwa sababu mapafu yasipofunguka yanashika nimonia.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema: usiku nilikuwa naona watu ukutani, na nikirudi fahamu nalia bila sababu. Familia ikadhani nimechanganyikiwa moja kwa moja. Ilipita. Mleta mada, waambie watu wa nyumbani mapema, mzee akiongea yasiyoeleweka wasikimbilie kwa mganga.

#6 Ngosha wa Magu

Mzee wa Sahare pole na hongera. Sasa wakuu, moyo uko kifuani, mguu umeingiaje?

#7 Fundi Mitambo

@Ngosha, ni barabara ya mchepuko. Mshipa wa moyo umeziba, hawauzibui, wanachukua kipande cha mshipa mwingine wanakishona kabla na baada ya kizuizi ili damu ipite pembeni. Mguuni kuna mshipa mrefu ambao mwili unaweza kuishi bila huo. Ila ulio bora zaidi ni ateri iliyo ndani ya ukuta wa kifua upande wa kushoto. Ule wa mguuni unaanza kuziba mapema, baadhi ndani ya mwaka wa kwanza, na baada ya miaka 10 karibu nusu huwa imeziba. Ile ya kifuani zaidi ya 9 kati ya 10 bado inapitisha damu. Ndiyo maana mshipa mkuu wa mbele ya moyo wanaupa ateri ya kifua, ya mguuni inakwenda kwingine.

#8 Mwana wa Kilosa

Waafrika tusijidharau. Baipasi ya kwanza duniani ilifanyika Afrika Kusini na Dkt. Barnard mwaka 1967.

#9 Kipimo Sahihi

@Mwana wa Kilosa hapana. Christiaan Barnard alipandikiza moyo, Cape Town, Desemba 3, 1967. Baipasi kwa mshipa wa mguuni ni René Favaloro, raia wa Argentina, aliyekuwa Cleveland, Marekani, Mei mwaka huohuo.

#10 Babu Maktaba

Na wewe Kipimo umeanzia katikati. Vasilii Kolesov aliunganisha ateri ya kifua na mshipa wa moyo kule Leningrad Februari 1964, tena bila kuusimamisha moyo. Na kabla yake Robert Goetz alifanya New York Mei 1960. Huyo Goetz alikuwa amefanya kazi miaka mingi Cape Town, kwa hiyo Mwana wa Kilosa akitaka kipande chake cha Afrika Kusini anacho.

Ila kwa uzi huu, tarehe yenye faida ni ya India. Baipasi yao ya kwanza ilifanywa na Dkt. K. M. Cherian, Chennai, 1975. Nchi maskini wakati ule. Leo ndiko tunakotaka kuuza mashamba twende. Swali zuri ni wamefikaje.

#11 Mjukuu wa Bagamoyo

Wamefika kwa wingi, Babu. Devi Shetty alifungua hospitali yake ya moyo Bengaluru mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaijenga kwa hesabu kwamba ukipasua wengi kila siku gharama inashuka na ubora unapanda. Mtu anayefanya baipasi kadhaa kwa siku mkono hauulizi.

Sisi je? Upasuaji wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaanza kusimama yenyewe mwaka 2015. Kazi kubwa ya upasuaji wa moyo ukanda huu ni watoto waliozaliwa na matundu na vijana wenye valvu (vilango vya ndani ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Baipasi ni kazi nyingine. Unashona mshipa wenye upana wa milimita moja na nusu au mbili, uzi macho matupu huuoni vizuri, wanavaa miwani ya kukuza. Kushona valvu kila siku hakukufanyi uwe fundi wa hilo. Kwangu mimi jibu la mleta mada ni idadi.

#12 Kipimo Sahihi

@Mjukuu, idadi ina nafasi yake, lakini kwa baipasi si kubwa kama unavyodhani. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, Birkmeyer na wenzake, walilinganisha hospitali zenye kazi nyingi na zenye kazi chache kwa upasuaji wa aina nyingi. Kwenye kongosho na umio pengo lilikuwa kubwa sana. Kwenye baipasi lilikuwepo ila dogo. Sababu moja inayotajwa ni kwamba baipasi imeshawekewa utaratibu: hatua zinajulikana, kila mtu anajua zamu yake.

#13 Sista wa Zamu ya Usiku

Na huo utaratibu nani anausimamia saa nane usiku?

#14 Mjukuu wa Bagamoyo

Sista wewe kila kitu ni saa nane usiku. 😂 Lakini huo utafiti ni wa Marekani, huko "hospitali yenye kazi chache" bado inafanya wagonjwa ambao kwetu ni wa miaka kadhaa. Huwezi kulinganisha.

#15 Tabibu wa Wilaya

Nimewasoma wote. Mnaanza hesabu mgonjwa akiwa ameshafika mezani. Mimi nipo huku chini, nitawaambia tatizo linaanzia wapi.

Mtu anakuja zahanati kifua kinambana akipanda mlima, anapewa dawa ya tumbo. Anarudi, anapewa ya minyoo. Mashine ya ECG, ya kuchora mapigo ya moyo, ipo wilayani, karatasi zake hazipo. Siku anapata shambulio la moyo analala nyumbani mpaka asubuhi. Akifika kwa bingwa, kipande cha moyo kimeshakufa na nguvu ya kusukuma damu iko asilimia 30 badala ya 55 na kuendelea. Huyo mpeleke kwa daktari yeyote duniani, siku zake 30 ni ngumu.

Kuna utafiti unaitwa STICH, wagonjwa 1,212 wenye moyo dhaifu namna hiyo, asilimia 35 kushuka chini. Nusu walipewa dawa tu, nusu dawa na baipasi. Mwezi wa kwanza waliopasuliwa walifariki wengi zaidi. Walipofuatwa miaka 10, hesabu ikageuka: waliofariki upande wa upasuaji ni asilimia 58.9, upande wa dawa asilimia 66.1. Kwa hiyo kituo kinachopokea watu wa aina hii na kuwakubali kitaonekana kibaya kwenye jedwali la siku 30, ingawa kinaokoa watu. Na kituo kinachowakataa kitaonekana kizuri.

#16 Kipimo Sahihi

Tabibu hiyo ya mwisho ni nzito. Ndiyo maana kuna alama za kukadiria hatari kabla, kama EuroSCORE: unaweka umri, figo, nguvu ya moyo, dharura au si dharura, inakupa makadirio. Unalinganisha vifo vilivyotarajiwa na vilivyotokea. Ila alama hizo kiini chake ni wagonjwa wa Ulaya. Mtu wetu wa miaka 50 mwenye mishipa iliyoharibika urefu mzima kwa kisukari, alama itamwona kijana mwenye hatari ndogo.

#17 Mwana wa Kilosa

Halafu kuna kambi. Wanakuja mabingwa kutoka nje, wanakaa wiki, wanachaguliwa wagonjwa. Mabingwa wakiondoka takwimu zinabaki nzuri. Hapo unapima nini?

#18 Mjukuu wa Bagamoyo

Kambi zimefundisha watu, Mwana wa Kilosa. Usilaumu daraja baada ya kuvuka mto.

#19 Mnyalu wa Ipogolo (mleta mada)

Wakuu asanteni, naona vichwa vinapasuka vyema. Nina maswali mawili ya haraka. Kwanza, kwa nini mwenye kisukari asipewe stenti yakaisha? Binamu yangu anang'ang'ania hilo. Pili, jirani aliyetoka India anasema kule hawausimamishi moyo, wanashona ukiwa unapiga, na kwamba hiyo ndiyo salama. Kweli?

#20 Tabibu wa Wilaya

La kwanza nalichukua mimi. Utafiti wa FREEDOM, 2012, wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyoziba. Baada ya miaka 5, waliofariki upande wa baipasi ni asilimia 10.9, upande wa stenti asilimia 16.3. Lakini mwambie binamu ukweli wote: kiharusi kilikuwa kingi zaidi upande wa baipasi, 5.2 dhidi ya 2.4, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokea mapema, ndani ya hizohizo siku 30. Mzee ananunua miaka kwa kulipa hatari ya mwezi mmoja. Achague akijua.

#21 Fundi Mitambo

La pili ndilo limewagombanisha madaktari miaka mingi. Njia ya kawaida, moyo unasimamishwa, damu inapitia kwenye mashine ya moyo na mapafu. Njia nyingine, moyo unaendelea kupiga, wanatumia kifaa cha kutuliza kipande kile tu wanachoshona. India wameipenda hii ya pili, na ni kweli inapunguza matumizi ya vifaa vya mashine.

Ulifanyika utafiti wa CORONARY, watu 4,752, hospitali 79, nchi 19, India ikiwemo. Matokeo ya siku 30 yalitoka 2012: ukijumlisha vifo, kiharusi, shambulio la moyo na figo kufeli, hakuna tofauti ya maana. Ila wa moyo unaopiga waliongezewa damu kwa uchache zaidi, waliorudishwa kwa kuvuja damu walikuwa wachache, na walioumia figo nao walikuwa wachache. Kwa nchi ambayo benki ya damu ikikauka ndugu wanaanza kupigiana simu, hiyo si faida ndogo. Nadhani hapo ndipo jibu lenu lilipo: damu.

#22 Mjukuu wa Bagamoyo

Fundi umeacha upande wa pili. Kwenye CORONARY huohuo, waliorudi kuzibuliwa tena mapema walikuwa wengi kidogo kwa moyo unaopiga. Na utafiti wa ROOBY wa Marekani, walipofuatwa miaka 5, waliofanyiwa moyo ukipiga walifariki wengi zaidi: 15.2 dhidi ya 11.9. Kushona kitu kinachotikisika kunataka mtu aliyekifanya mara nyingi. Tunarudi palepale kwenye idadi.

#23 Binti Ruvu

Nisamehewe kuingia kwa hasira. Mnazungumza kiharusi na figo, mama yangu alimaliza yote hayo salama. ICU alitoka, wodini alitembea, akaruhusiwa. Hospitali siitaji. Tukiwa nyumbani kidonda cha kifua kikaanza kutoa maji kidogo kwenye kona ya chini. Nikapiga namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya ruhusa, haipokelewi. Nikaenda kituo cha karibu, wakabandika bandeji. Maji yakawa usaha. Akiinuka kitandani nasikia mfupa unagonga, sauti ya "tk" kila akigeuka. Tuliporudi hospitali wakasema maambukizi yamefika kwenye mfupa, akafunguliwa tena.

Mama yupo hai, lakini yule aliyekuwa akienda soko la alfajiri hayupo tena. Na najiuliza kwenye hesabu zenu aliandikwa wapi. Hakufariki. Aliruhusiwa salama.

#24 Sista wa Zamu ya Usiku

Binti Ruvu, pole sana mwanangu. Ile sauti uliyoisikia ndiyo dalili yenyewe, mfupa haukushikana. Mtu yeyote anayeuguza asome maneno yako mara mbili: maji kwenye kidonda cha kifua pamoja na mfupa kugonga, au homa, hiyo ni kurudi hospitali siku hiyohiyo, siyo bandeji.

Mleta mada, baba yako mkubwa ana kisukari, kwa hiyo hili linamhusu moja kwa moja. Sukari iwe imeshikwa kabla ya kuingia, na wakati wa ICU tunaishika kwa insulini ya dripu. Nywele za kifua na mguu zisinyolewe kwa wembe nyumbani, wembe unaacha vidonda vidogo vinavyokaribisha vijidudu, hospitali wana mashine ya kupunguza. Aoge vizuri kwa sabuni jioni na asubuhi yake. Kama anavuta sigara aache sasa, asisubiri tarehe. Meno mabovu yaangaliwe. Kama anatumia klopidogreli (dawa ya kuzuia damu kuganda), daktari atamwambia aache kama siku 5 kabla, asijiamulie mwenyewe. Aspirini ni habari nyingine, kwa kawaida inaendelea, na baada ya upasuaji inarudishwa mapema sana kwa sababu inasaidia mishipa mipya isizibe.

#25 Ngosha wa Magu

Sasa hapa ndipo uzi umekuwa na mafuta. Swali la kijijini: kitunguu saumu na mlonge aendelee? Mzee wetu mmoja alikuwa anameza punje nzima kila asubuhi.

#26 Tabibu wa Wilaya

Kwenye mboga hakuna neno. Kumeza kwa wingi kama dawa, aache kabla ya upasuaji na amweleze daktari, kitunguu saumu kingi kinaweza kuongeza kuvuja damu. Mlonge na mizizi mingine ataje yote bila aibu. Wagonjwa wengi wanaficha wakiogopa kugombezwa.

#27 Bin Seif, Muscat

Assalaam aleikum. Ami yangu kafanyiwa huku. Lililonistaajabisha ni kuwa alipotoka tu akapewa miadi ya mazoezi, anatembezwa kwenye mashine huku moyo unatazamwa, na mtu wa chakula akakaa na mke wake kumfundisha kupika. Ami ni mtu wa nyama na samli. Sasa anakula samaki wa kuchoma na analalamika kutwa. Katika nyuzi zote nilizosoma za nyumbani sijaona mtu akitaja hayo mazoezi. Mnayo?

#28 Mvuvi wa Sahare

Bin Seif, mimi mazoezi yangu yalikuwa kutembea ufukweni, mke akishika saa. Niliambiwa nisinyanyue kitu kizito mpaka mfupa ushikane, miezi miwili mpaka mitatu. Kuvuta nyavu nilisubiri zaidi ya hapo. Ila kuna jambo Sista hajaligusa. Siku za mwanzo wodini moyo ulianza kwenda mbio bila mpangilio, nikadhani ndiyo basi.

#29 Sista wa Zamu ya Usiku

Hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyojua, baba. Kama robo mpaka theluthi ya wagonjwa inawapata, hasa siku ya pili na ya tatu. Wengi hutulia kwa dawa. Ikiachwa bila kuonekana, damu inaweza kuganda ndani ya moyo na kwenda kichwani. Ndiyo maana hatupendi kumtoa mgonjwa kwenye skrini haraka eti kitanda kinahitajika.

#30 Otieno wa Likoni

Niaje watu wa nyumbani. Kwetu Kenya bima ya afya ya serikali, NHIF, ilitoka ikaja SHA Oktoba 2024, na familia nyingi bado zinafanya mchango kwa WhatsApp kujazia. Naona mnajadili wauguzi na nyuzi za kushonea, lakini pesa inaingia katikati. Mgonjwa akisubiri mchango utimie, mshipa hausubiri. Anaingia kama dharura badala ya kupangwa, na dharura ina vifo zaidi popote duniani. Kwa hiyo mimi nasema bima ndiyo inaamua siku 30, hata kabla ya Tabibu na ECG yake.

#31 Tabibu wa Wilaya

Otieno karibu. Kwetu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, tunasubiri ifike mpaka kwa mkulima wa huku. Lakini nina wagonjwa wenye kadi ya bima waliochelewa vilevile kwa sababu hakuna aliyewaambia ni moyo. Kadi haisomi ECG.

#32 Binti Ruvu

Na wanawake mnawataja wapi? Mama alihangaika mwaka mzima akiambiwa ni uchovu na umri. Maumivu yake yalikuwa mgongoni na taya, hayakuwa kifuani kabisa.

#33 Kipimo Sahihi

Ni kweli Binti Ruvu. Wanawake kwenye baipasi wanafariki zaidi ya wanaume siku za mwanzo, na limeonekana nchi nyingi. Wanaeleza kwa mishipa midogo, kwa kuchelewa kugunduliwa, kwa umri mkubwa wanapofika. Kila sababu inachukua sehemu yake na bado pengo halijaisha lote.

#34 Mnyalu wa Ipogolo (mleta mada)

Nimewasomea kikao baadhi ya haya, shangazi kaomba nirudie mara ya pili yale ya mto wa kukoholea. Tumekubaliana Dar kwanza, tukaonane na timu na tuulize wagonjwa waliowapasua wakiwa na hali kama ya mzee wameendaje baada ya mwezi, siyo siku ya kuruhusiwa tu. Na tutauliza usiku muuguzi mmoja ana wagonjwa wangapi.

Linalobaki ni hili: akiruhusiwa, arudi Iringa kwa basi au abaki Dar?

#35 Mvuvi wa Sahare

Abaki. Basi kutwa nzima na kifua kibichi, matuta yote yale, na mguu umening'inia unavimba. Akae kwa ndugu karibu na hospitali mpaka wamwone kliniki ya kwanza.

#36 Tabibu wa Wilaya

Mzee wa Sahare nakuheshimu, ila inategemea. Nimeona wanaobaki Dar chumba cha kupanga, hawamjui mtu, mlinzi wa dawa ni kijana anayeshinda kazini. Nyumbani kuna mke, kuna shangazi, na kituo cha afya kinachomfahamu. Mradi barua ya ruhusa iwe na majina ya dawa yanayosomeka, mishipa mingapi imeshonwa, nguvu ya moyo ilikuwa ngapi na namba ya simu inayopokelewa. Akija kwangu bila barua, naanza kukisia.

#37 Sista wa Zamu ya Usiku

Hiyo namba muipige mkiwa bado wodini, mbele ya aliyewapa. Msipopokelewa hapohapo, ombeni nyingine.